Mboga krispi kwenye eafraya: mafuta tu, konfla au unga wa dengu?

Mama Njiro (Arusha)

Habari za jioni wapendwa. Naomba tulinganishe jambo hili vizuri, maana kila nikiuliza napewa jibu tofauti. Nina eafraya (mashine ya kukaanga kwa hewa ya moto inayosukumwa na feni) ya droo, lita 5, wati 1,500. Ninachotaka ni mboga za kusindikizia mbuzi choma au samaki, zilizokauka nje na laini ndani, tuache kurudia chipsi na kachumbari kila wikiendi. Naongelea mboga tunazozipata soko la Kilombero hapa Arusha bila kuhangaika: bamia, koliflawa, brokoli, karoti, bilinganya, maharage machanga.

Njia ninazozijua ni tatu. Kuna mafuta kidogo na chumvi, basi. Kuna kupaka mafuta halafu kunyunyizia konfla (wanga wa mahindi). Na kuna unga wa dengu na viungo. Kwangu mimi konfla ndiyo inaongoza kwa koliflawa na bilinganya. Bamia na maharage machanga hayahitaji zaidi ya mafuta. Dengu sijaona faida yake ndani ya droo. Ila najua humu kuna wanaoapa kwa dengu, nataka waeleze wanafanyaje.

Joto naweka nyuzi 190 kwa karibu zote. Bamia dakika 10 hadi 12, koliflawa 12 hadi 15, maharage machanga 8 hadi 10, natikisa droo katikati.

Mpishi wa Mbuyuni (Moshi)

Mama Njiro, umeuliza la maana. Mimi napika chakula cha shughuli, na kabla hatujafika kwenye unga naomba tuongelee maji, kwa sababu hapo ndipo mboga nyingi zinapoharibikia.

Mboga ikiingia na matone, joto lote la mwanzo linaenda kuyageuza yale maji kuwa mvuke. Mpaka yaishe, ngozi ya mboga haivuki nyuzi 100, na ile rangi ya kahawia yenye harufu ya kuita watu inaanza kwenye nyuzi 140 na kupanda. Droo nayo ni ndogo. Ukijaza mboga hadi juu, mvuke unakosa pa kutokea na unakuwa umechemsha, hujakaanga. Ndiyo maana watu wawili wana mashine ileile, unga uleule, na matokeo hayafanani.

Koliflawa naiosha mapema, naichambua vichane vya ukubwa mmoja, naitandaza juu ya kitambaa safi hadi ile sehemu ya juu yenye chengachenga iwe kavu ukigusa. Hapo usiwe na haraka, chenga zinanyonya maji na kuyaficha. Bamia naosha nzima, nafuta mojamoja, ndipo nakata kwa urefu mara nne. Ukikata kwanza ukaosha baadaye, utelezi unatoka wote na hautakauka kirahisi. Kata kwa urefu, siyo vile vipande vya mviringo vya mchuzi: mbegu zinabaki wazi, hewa ya moto inazifikia, na ncha zinakauka hadi zinavunjika kwa mlio.

Kwa konfla nakubaliana nawe. Kijiko kimoja cha chakula kinatosha koliflawa moja ya kawaida. Mafuta yatangulie, konfla ifuate, funika bakuli na utikise hadi usione weupe popote. Penye unga mweupe mkavu feni haitapabadilisha, unga utatoka hivyohivyo na kukwama kooni.

Kijana wa Kijenge (Arusha)

Natetea dengu. Wengi wanaolalamika wanakoroga ule uji wa bajia na kuumwaga kwenye droo. Hapo lazima ukose. Uji wa bajia unahitaji mafuta ya moto ya kuukamata papo hapo. Kwenye eafraya unachuruzika kwenye matundu kabla haujashika, unaganda chini.

Ninavyofanya: naukaanga unga wa dengu mkavu kwenye kikaango, moto mdogo, hadi ule ubichi wa harufu uishe. Naweka bizari ya manjano, pilipili ya unga, kitunguu saumu cha unga na chumvi. Halafu mafuta vijiko viwili na maji kidogo sana, uwe mzito wa kupakwa kwa vidole. Nasugua kwenye vipande vya bilinganya pande zote mbili, nyuzi 190, dakika 14 hivi, nageuza mara moja. Inatoka na ganda lenye ladha yake. Konfla haina ladha yoyote, kazi yake ni kukausha tu.

Mama Njiro (Arusha)

Kijana, hilo la kuukaanga kwanza sikulijua, asante sana. Basi kwa bilinganya nakupa nafasi. Ila uweke chumvi kwanza vipande vikae nusu saa vitoe maji, uvikamue taratibu na kuvifuta. Kwa mboga nyingine chumvi naiweka zikitoka, kwa sababu inavuta maji ndani ya mboga na kuyaleta juu, kinyume cha tunachotaka.

Shamba Tengeru

Mimi ni mkulima, nitasema la upande wangu. Mboga ya jana na ya leo hazipikiki sawa. Bamia chagua changa, fupi kuliko kidole chako cha kati, ncha ikatike ukiikunja. Ikipinda bila kukatika imekomaa, ina nyuzi, na eafraya itaifanya kama kamba. Maharage machanga hivyohivyo. Huku kwetu na Usa River yapo mashamba yanayolima kwa ajili ya kusafirisha nje, na yale yasiyofikia kipimo cha wanunuzi, yaliyopinda au mafupi, ladha yake haina kasoro yoyote. Njooni sokoni Tengeru Jumatano au Jumamosi, asubuhi.

Na mbona hakuna aliyetaja sukuma wiki? Toa ule uti wa katikati, chana majani makubwa makubwa, yakaushe kabisa, paka mafuta kwa vidole kama unayakanda, kila jani ling'ae. Joto lishuke hadi 150, dakika 5 hadi 7. Ukiweka 190 majani yanaungua pembeni na kuwa machungu kabla ya katikati kukauka. Juu yake weka kile kiwaya cha eafraya, la sivyo feni inayapeperusha yanaenda kugusa koili, ule waya wa juu unaotoa joto, na kuungua.

Mgeni Usa River

Samahani wakuu, swali. Arusha tuko juu kuliko Moshi. Nilisikia chakula kinachelewa kuiva huku. Je, dakika wanazotumia watu wa Moshi zinatufaa sisi?

Mpishi wa Mbuyuni (Moshi)

Zinafaa. Kinachobadilika na mwinuko ni maji kuchemka. Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Maharage makavu na makande lazima yachelewe. Kwenye eafraya kipimajoto kinaangalia hewa ya ndani ya droo, na hewa ukiiambia 190 itafika 190 hata ukiwa Ngaramtoni kule juu. Pale tu unapochemsha kwanza, mfano karoti nene au magimbi, ongeza muda wa kuchemsha.

Fundi Umeme Sakina

Mpishi yuko sahihi, ila "itafika 190" inategemea umeme. Watu wengi wanalaumu mboga wakati tatizo liko ukutani.

Kifaa cha wati 1,500 kimepimwa kwa voti 230. Nguvu ya koili inashuka kwa kasi kuliko voti zenyewe. Jioni, mtaa mzima ukiwa jikoni, umeme ukishuka hadi voti 200 koili inatoa wati 1,130 hivi. Robo ya nguvu imeondoka. Joto litapanda, lakini polepole, na kila ukifungua droo litachelewa kurudi. Mboga zinakaa muda mrefu kwenye mvuke wake zenyewe na zinalainika. Mtaa wenu ukiwa hivyo, washa mashine tupu dakika 5 kabla, punguza mboga ziwe safu moja, na usifungue kila mara kuchungulia.

La pili, ekstensheni. Wati 1,500 ni kama ampea 6 na nusu, ekstensheni nzuri inabeba. Birika la wati 2,000 likiunganishwa kwenye ekstensheni hiyohiyo, jumla inapita ampea 15, na plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya 13. Hapo waya unapata moto kimyakimya. Tafadhali chomekeni eafraya moja kwa moja ukutani.

Na kwa wanaohofia luku: dakika 15 za wati 1,500 hazifiki nusu uniti, hata kama koili isingepumzika kabisa. Kwa bei ya kundi la T1, yaani wateja wa matumizi ya kawaida, uniti ikiwa shilingi 350 na kidogo pamoja na kodi, ni chini ya shilingi 150 kwa sahani nzima ya mboga. Linganisha na mafuta ya kujaza sufuria.

Bibi wa Kibosho

Wanangu, nimesoma yote. Mmeongelea koliflawa na brokoli mkasahau ndizi, na mko Arusha na Kilimanjaro! Binti yangu aliniletea hiyo mashine, nami napika ndizi. Chukua mzuzu mbichi, siyo ile iliyoiva. Ikiiva ina sukari nyingi, inapata rangi upesi na kubaki laini. Tamu kweli, lakini siyo ya kutafuna kwa mlio. Mbichi ikate nyembamba kwa mshazari, iloweke kwenye maji ya chumvi kidogo isiwe nyeusi, ifute ikauke, paka mafuta. Nyuzi 180, geuza, itoe ikiwa ya dhahabu.

Magimbi pia yanakubali. Ila yachemsheni kwanza hadi yaive kabisa, msije mkayaingiza mabichi mkawashwa koo.

Kijana wa Kijenge (Arusha)

Shikamoo bibi. Je, ndizi unaipaka konfla?

Bibi wa Kibosho

Marahaba mwanangu. Hapana, ndizi ina wanga wake wa kutosha. Ya nini kuongeza?

Mama Njiro (Arusha)

Shikamoo bibi, na asante. Hilo jibu limenifungua macho kwenye swali langu lenyewe. Kumbe tuangalie mboga ina nini ndani kabla ya kuchagua unga. Viazi, ndizi na magimbi vina wanga: mafuta tu. Koliflawa, brokoli na bilinganya ni maji matupu, hivyo wanga tuuazime kwenye konfla au dengu. Viazi vitamu viko katikati, vina wanga lakini sukari inavilainisha, konfla kidogo inasaidia.

Mtu asiye na konfla ajaribu unga wa mchele, unakauka vizuri. Sembe hapana, inabaki chengachenga kwenye meno.

Mgeni Usa River

Na mafuta je? Mimi ninayo alizeti ya kukamua, ile ya dumu kutoka Singida.

Mpishi wa Mbuyuni (Moshi)

Ladha yake naipenda sana kwenye mchuzi. Kwa nyuzi 190 tumia iliyosafishwa. Isiyosafishwa inaanza kutoa moshi mapema, na inaacha utando wa kunata kwenye droo ambao ukiusugua kwa nguvu unaondoa ile rangi nyeusi isiyoshika chakula. Kwa sababu hiyohiyo siyapendi mafuta ya kopo la kupuliza. Mengi yana vitu vya ziada vinavyogandia kwenye droo. Chupa ndogo ya kupuliza, ujaze mafuta yako mwenyewe, ndiyo bora. Au mikono yako.

Jambo jingine, rangi. Kwa viazi na ndizi komeni kwenye dhahabu. Vyakula vya wanga vikipita hapo hadi kahawia nzito vinaongeza kemikali iitwayo akrilamaidi, ambayo siyo nzuri kwa afya. Kuloweka viazi nusu saa kwenye maji na kuvikausha kunaipunguza, na chipsi zenyewe zinatoka krispi zaidi kwa kuwa ule wanga wa juu umeoshwa.

Shamba Tengeru

Karoti mnaikwepa wote. Mimi kwangu karoti haipati ukrispi wa kweli kwa njia yoyote kati ya hizo tatu. Inakuwa tamu, inakunjamana pembeni, inapendeza na nyama. Lakini krispi, hapana.

Kijana wa Kijenge (Arusha)

Kaka, ikate nyembamba kama njiti za kiberiti, konfla, nyuzi 180. Inakuwa.

Shamba Tengeru

Kwa dakika mbili inakuwa. Ikifika mezani imeshalala.

Mpishi wa Mbuyuni (Moshi)

Hapo umegusa kitu kinachoniumiza kwenye shughuli nyingi: hotpoti. Mtu amehangaika, mboga zimetoka safi, halafu anazimimina kwenye hotpoti na kufunga mfuniko. Mvuke unagonga mfuniko, unarudi chini kama maji, na kazi yote imekwisha kabla ya sala ya chakula. Mboga krispi zikae kwenye sinia pana, safu moja, wazi, juu ya karatasi ya kunyonya mafuta. Ndimu na mchuzi wa ukwaju viwe kwenye kibakuli pembeni, kila mtu achovye mwenyewe. Na ziwe za mwisho kabisa kupikwa: nyama imeshakatwa, ugali uko mezani, ndipo droo inafunguliwa.

Mama Njiro (Arusha)

Na wageni wakiwa kumi na droo ni ya lita 5?

Mpishi wa Mbuyuni (Moshi)

Pika kwa awamu, kila awamu itoe dakika mbili kabla haijakamilika, itandaze kwenye sinia. Watu wakikaa, rudisha kwa mafungu, nyuzi 200, dakika 2 hadi 3. Njia hiyohiyo kwa viporo vya kesho yake, ila 180 na dakika 3 hadi 4. Bamia na koliflawa zinarudi vizuri. Sukuma wiki na brokoli pika mara moja tu, maua ya brokoli yanaungua upesi kwenye awamu ya pili.