Pancha na mvua za msimu kati ya Mtwara na Lindi: viraka, tyubu za akiba au dawa ya kuziba?

Msafiri wa Shangani:
Ndugu zangu, salaam. Mwishoni mwa Machi mimi na wenzangu watatu tunakusudia kwenda kwa baiskeli kutoka Mtwara Mjini hadi Lindi, kwa kupitia Mikindani na Mnazi Mmoja, safari ya zaidi ya kilomita 100 ambayo tutaigawa kwa siku mbili. Mara ya mwisho nilipopita njia hiyo, mvua na pancha vilinikuta kwa pamoja, na viraka vitatu nilivyobandika kando ya barabara vilibanduka kimoja baada ya kingine kabla sijafika kijijini. Naomba mnisaidie kulinganisha: niendelee na viraka vya gundi, nibebe tyubu za akiba, au nijaze dawa ya kuziba ndani ya tyubu?

Fundi wa Mnazi Mmoja:
Pole sana, kaka. Viraka vyako havikuwa na kosa. Kilichokuangusha ni maji. Solusheni hushika pale tu mpira unapokuwa umekwanguliwa kwa msasa na kukauka kabisa, kisha gundi ikaachwa kwa dakika kama tano hadi ipoteze mng'ao na isinate tena kidoleni. Ukiibandika ingali mbichi, au tone moja la mvua likiangukia pale ulipopaka, kiraka kitakaa kwa muda mfupi kisha kitainuka pembeni mara tu utakapojaza upepo. Hata kulitafuta tundu huwa kazi, kwa sababu tyubu yote imelowa na hakuna beseni la kuonyesha mapovu. Mimi huipitisha karibu na mdomo, na upepo mdogo huusikia kwenye midomo kabla sijausikia kwa sikio.

Kwa hiyo ushauri wangu ni tyubu mbili za akiba kwa kila baiskeli. Badilisha chini ya mkorosho au kibaraza cha mtu, kisha ziba ile iliyotoboka jioni, mahali pakavu. Kabla hujarudisha tairi, pitisha kitambaa taratibu ndani yake pande zote, kwa sababu mwiba uliobaki utaitoboa tyubu mpya kabla hujafika mbali.

Mkulima wa Nanyamba:
Naheshimu maneno ya fundi, lakini tyubu mbili kwa watu wanne ni tyubu nane, na hiyo ni fedha nyingi. Mimi nimezunguka na viraka miaka yote, na vijijini mafundi wapo.

Fundi wa Mnazi Mmoja:
Ni kweli, mzee wangu, na kiangazi ningekubaliana nawe bila kusita. Tatizo ni kwamba mvua yenyewe huongeza pancha: maji husogeza vigae vya chupa na changarawe hadi pembeni, anakopita mwendesha baiskeli, na mpira uliolowa hukatika kwa urahisi zaidi kuliko mkavu. Kama baiskeli zote nne ni za rimu ya 28, chukueni tyubu nne za pamoja na viraka vya kutosha.

Dada wa Newala:
Kuhusu dawa ya kuziba, niliitumia nikapenda inavyofanya kazi kwa mwiba mdogo wa mgunga, maana tundu hujifunga gurudumu likizunguka. Hata hivyo haisaidii tairi likichanika, huweza kuganda ndani ya vali, na ikivuja huacha utelezi ambao unazuia kiraka kushika mpaka uoshe na kukausha vizuri. Ningeiweka nyuma ya tyubu za akiba.

Mwalimu wa Mikindani:
Mwangalie pia hali ya hewa yenyewe, kwa sababu huku kusini mvua zetu ni za msimu mmoja, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na Machi bado mko katikati yake. Fuatilieni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kuondoka. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizokata barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam eneo la Somanga. Mkisikia radi mkiwa eneo la wazi, shukeni mtafute nyumba, wala msijifiche chini ya mti mrefu uliosimama peke yake. Barabara ikifunikwa na maji msiyavuke kwa kukisia, maana shimo halionekani, na rimu iliyopinda hakuna kiraka kinachoitibu.

Mkiweza kusogeza safari hadi Juni, mvua itakuwa imekatika na kusi litawasukuma kutoka nyuma karibu njia yote.

Msafiri wa Shangani:
Nawashukuru nyote. Wenzangu hawana likizo Juni, kwa hiyo tunabaki na Machi, tyubu nne na viraka, na siku ya tatu tumeiacha wazi ili mvua ikizidi tulale njiani bila haraka.

Fundi wa Mnazi Mmoja:
Vizuri, kaka. Ijaribuni pampu kwenye kila tyubu mkiwa bado nyumbani, kwa kuwa vali haziko sawa zote, na msasa pamoja na solusheni mvifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki.