Naombeni ushauri: kuna mtu anataka kununua nyaraka za babu za kudai uhuru wa Msumbiji. Milioni nne ni bei halali?

MjukuuWaLindi:
Wakuu, habari za saa hizi. Naomba ushauri wa haraka, kuna mtu anasubiri jibu langu na usingizi hauji.

Nyumbani kwetu Lindi kuna sanduku la bati la babu. Babu ni Mmakonde wa ng'ambo, alivuka Ruvuma akiwa kijana kufuata kazi ya mkonge. Alikuwa amesoma misheni na anajua kupiga taipu, wakampa ukarani. Baadaye akahamia Dar es Salaam, huko akawa anawapigia taipu watu wa MANU, chama cha Wamsumbiji kilichokuwepo kabla ya FRELIMO, chama kilichokuja kupigania uhuru wao. Ndani ya sanduku kuna nakala za kaboni za risala walizopeleka mbele ya Kamati mwaka 1962 kudai uhuru wao. Karatasi ni nyembamba kama ganda la kitunguu, wino wa zambarau, na herufi "k" imepanda juu kidogo kila mahali. Nyuma ya ukurasa mmoja kuna orodha ya majina kwa mkono, mengine yana alama ya msalaba pembeni.

Kuna mtu yuko Lisbon anakusanya nyaraka za makoloni ya zamani ya Ureno. Nilimtumia picha chache, anatoa milioni nne. Naomba kujua: ananipunja? Na kuzituma nje kuna kikwazo?

Mti_Mkavu:
Unauliza bei? Nchi hii ilibeba Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, tangu 1963 mpaka kazi ilipokwisha 1994. Brigedia Jenerali Hashim Mbita aliishika kama katibu mtendaji kuanzia 1972 hadi siku ya mwisho. Tulikuwa maskini wa kutupwa na bado tuliwapa wenzetu kambi Kongwa, Nachingwea, Bagamoyo. Leo mjukuu anampelekea Mreno ushahidi nyumbani kwake ili apate milioni nne! Hizo zikaguse mkono wa serikali, zikae Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, basi.

Binti_Farm17:
Umenigusa, mleta mada. Mimi nimekulia Nachingwea, jirani kabisa na Farm 17 walipofundishwa wapiganaji wa FRELIMO. Ardhi ile Waingereza waliifyeka kwa mradi wa karanga ukawashinda, ikaja kuwafaa watu wengine. Mama alikuwa akiwauzia mihogo na mbaazi. Anasema alfajiri ulikuwa unasikia mchakamchaka na nyimbo kabla jogoo hajawika. Wengine walikuwa wadogo sana, wanamwita mama "mamã" na kumwomba chumvi. Mwaka 1975 wakaondoka wote, na mama akabaki na deni la debe la mbaazi ambalo mpaka leo hataki mtu alitaje kama deni. Samahani, nimetoka nje ya mada.

Fundi_Bati:
Mimi nahitaji sanduku lenyewe. Mabati ya zamani hayatoboki. Karatasi mpe Mreno, sanduku nitalifuata hata kwa bodaboda.

MjukuuWaLindi:
Nawashukuru, ila hamjajibu swali. Serikali niliifikiria. Mtu ninayemfahamu alishawahi kukabidhi vitu vya mzee wake mahali fulani, hakupewa hata karatasi ya kupokelewa. Huyu wa Lisbon anasema atazihifadhi kwenye chumba chenye ubaridi maalum. Hapa kwetu kuna mchwa na mvua.

Mmeru_wa_Ngaresero:
Kuhusu mchwa namuunga mkono mleta mada. Kwetu Meru, mwaka 1951 Mwingereza aliwafukuza watu Engare Nanyuki ili awape walowezi ardhi. Wazee wakachangishana, wakampeleka Kirilo Japhet New York mwaka 1952 akazungumze Umoja wa Mataifa, maana Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini na wenyewe waliruhusiwa kulalamika moja kwa moja. Bibi yangu alitoa kuku. Stakabadhi za ile michango alizikunja akazichomeka kwenye paa, mchwa wakazimaliza zote. Leo nikisema bibi alichangia ile safari, nina maneno matupu. Bora ziende hata Lisbon kuliko kuliwa.

Asha_wa_Mikindani:
Mkuu, nimesoma uzi tangu juu. Unasema "sanduku la babu", "babu ni Mmakonde". Hakuna mahali uliposema marehemu. Mzee amefariki lini? Na warithi wengine wanasemaje?

MjukuuWaLindi:
Hilo halihusiani na bei.

Asha_wa_Mikindani:
Linahusiana sana. Mzee yu hai?

MjukuuWaLindi:
Yu hai, ana miaka 87. Kumbukumbu zinakuja na kuondoka, kuna siku ananiita kwa jina la mdogo wake aliyebaki Mueda, kwao kaskazini mwa Msumbiji. Alianguka bafuni, akavunjika nyonga. Hospitali tuliyompeleka wakasema apasuliwe na vyuma tununue wenyewe. Sijamwambia kuhusu mnunuzi kwa sababu sitaki kumchanganya. Na kabla hamjaanza: laki nane za utangulizi nimeshazipokea, zimeishia kwenye gari, kitanda na dawa za maumivu. Ninamuuguza mimi peke yangu. Baba zangu wadogo wanapiga simu Idi kwa Idi. Sanduku ni lake, pesa inamrudia yeye mwilini. Niambieni wizi uko wapi.

Mti_Mkavu:
Wizi uko hapo hapo. Mtu yu hai unauza vyake bila kumuuliza.

Binti_Farm17:
Mti_Mkavu, punguza. Umewahi kumgeuza mzee aliyevunjika nyonga usiku? Mimi nimefanya hivyo kwa mama.

Kibuyu_Kikavu:
Wakuu, mnalia bure. Hii ni chai, tena ya maziwa. Mti_Mkavu mwenyewe ameandika hapo juu kwamba Kamati ya Ukombozi ilianza 1963. OAU yenyewe imezaliwa Addis Ababa tarehe 25 Mei 1963. Sasa hizi risala za 1962 zilipelekwa kamati gani? Kwanza mgonjwa anatajwa baada ya kubanwa, kesho itawekwa namba ya kuchangia. Nimeziona nyingi za namna hii.

Fundi_Bati:
Aaa, basi sanduku nalo nimeghairi.

MjukuuWaLindi:
Mimi sikutaja Kamati ya Ukombozi popote. Rudi juu usome. Na sijaomba senti ya mtu, nimeuliza bei. Karatasi ni za Kiingereza. Kichwa kinasema risala ni kwa Mwenyekiti wa Kamati Maalum ya Umoja wa Mataifa, Dar es Salaam, Juni 1962.

Kibuyu_Kikavu:
Umoja wa Mataifa uko New York, mkuu. Haya, jibu hili bila kutafuta mtandaoni. Kama babu ni wa Mueda, risala lazima itaje mauaji ya pale. Walikamatwa akina nani?

MjukuuWaLindi:
Ukurasa wa pili: tarehe 16 Juni 1960, Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane walifungwa kamba wakaingizwa garini mbele ya watu, watu wakazuia gari, askari wakapiga risasi. Babu alikuwa akitusimulia hivyo hivyo tangu mimi mdogo. Orodha ya nyuma ni ya watu wa vijiji vyao. Wenye msalaba ni waliokufa siku ile.

Mtunza_Jalada:
Nimekuwa nasoma kimya, ila hapa ni kazi yangu. Kibuyu_Kikavu, mwaka 1962 Kamati ilifika Dar es Salaam kweli.

Tarehe 14 Desemba 1960 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1514, kwamba kila watu wana haki ya kujiamulia mambo yao na ukoloni ukomeshwe upesi. Kura 89 zilikubali, hakuna aliyepinga, nchi 9 zikajizuia, Ureno ikiwemo. Mwaka uliofuata ikaundwa Kamati Maalum ya kusimamia utekelezaji wake, wajumbe 17, na Tanganyika iliyokuwa imetoka tu kupata uhuru ikawa mjumbe. Baadaye wakaongezwa hadi 24. Mwaka 1962 wale 17 walikuja Afrika, wakakaa Tangier, Addis Ababa na Dar es Salaam, ili watu wasio na nauli ya New York wasikilizwe karibu na kwao.

Kwa Msumbiji jambo hilo lilikuwa zito. Tangu 1951 Ureno ilikuwa ikidai Msumbiji si koloni, ni mkoa wake wa ng'ambo, kwa hiyo hailazimiki kutoa taarifa kwa mtu. Ndiyo sababu ya kijana mwenye taipu kukesha. Risala ikipokelewa inapewa namba, inachapwa, inagawiwa kwa wajumbe, na Ureno haiwezi tena kusema huko kwetu hakuna anayelalamika. Tarehe 25 Juni mwaka ule ule MANU na wenzao wakaungana kuwa FRELIMO, hapo hapo Dar.

Mleta mada, nikujibu na wewe. Risala zilizopokelewa nyingi zimehifadhiwa New York, namba zake zinaanza na A/AC.109/PET. Nakala ya kaboni peke yake haina ajabu kubwa. Ajabu ni ile orodha ya mkono. Mpaka leo watu wanabishana waliokufa Mueda ni wangapi: FRELIMO husema kama 600, Wareno waliandika 14. Karatasi yenye majina na misalaba, iliyoandikwa miaka miwili tu baada ya tukio, haina bei ya milioni nne wala arobaini. Na wajukuu wa majina hayo wapo, wengine wako Newala na Mtwara hapo.

Kibuyu_Kikavu:
Nimekuelewa kuhusu 1962. Lakini tusidanganyane, karatasi hazikumtoa Mreno. Kilichomtoa ni bunduki ya FRELIMO iliyolia tarehe 25 Septemba 1964 vita vilipoanza, zilizobaki ni hotuba. Sahara Magharibi iko kwenye orodha ya hiyo Kamati ya maeneo yasiyojitawala tangu 1963, azimio juu ya azimio, na watu wake bado wako kwenye kambi za wakimbizi Tindouf, Algeria.

Mtunza_Jalada:
Sahara Magharibi inaniuma kama inavyokuuma, na bado maeneo 17 yapo kwenye orodha. Ila bunduki nazo zilihitaji njia. Mwaka 1972 Kamati ilipeleka wajumbe wake ndani ya maeneo yaliyokombolewa Guinea-Bissau, na mwaka huo huo Baraza Kuu likavitambua vyama vya ukombozi kuwa ndivyo wawakilishi halali wa makoloni ya Ureno. Baada ya hapo msaada wa shule na dawa ulitolewa hadharani. Mlezi wa kambi ya watoto wa FRELIMO kule Tunduru hakulisha watoto risasi.

Asha_wa_Mikindani:
Tumhurumie mleta mada, uzi wake umegeuka mkutano wa Baraza Kuu. Mjukuu, msomee babu. Chagua siku yuko vizuri, mshike ule ukurasa wa majina, muulize anataka uende wapi. Akikwambia uuze, uza.

MjukuuWaLindi:
Jana alikuwa vizuri. Nilimsomea. Alinisahihisha majina mawili niliyokuwa nayasoma vibaya, halafu akauliza kama karatasi zilifika. Nikamwambia zilifika. Kuhusu kuuza sikumuuliza, na msinilaumu, alikuwa na maumivu.

Nimemwandikia wa Lisbon kwamba orodha haimo kwenye mauzo. Amesema bila orodha hana haja, na anataka laki nane zake. Kwa hiyo sasa nina deni, na nyonga iko pale pale. Mmenifundisha mengi kuhusu New York na Sahara, nashukuru kwa moyo mmoja. Pesa ya vyuma nitaitoa wapi?

Nesi_Mtwara:
Mzee wa zaidi ya miaka 60 asiye na uwezo ana haki ya matibabu bure. Ana kitambulisho cha wazee? Kama hana, anza kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, akupe barua. Kisha nenda na mzee hospitali ya rufaa ya kanda hapa Mitengo, usipange foleni ya daktari kwanza, ingia ustawi wa jamii, uwaeleze suala la vyuma kabla hajaandikiwa kupasuliwa. Nyonga haisubiri, kila wiki anayolala kitandani mapafu yanazidi kuwa hatarini. Jumanne nipo zamu ya asubuhi. Nitumie ujumbe wa faragha.

Mtunza_Jalada:
Na mimi nitakuja Lindi na skana yangu. Sitaondoka na karatasi hata moja. Nakala moja ya picha ibaki kwako, ya pili nitaipeleka Nyaraka za Taifa na utapata barua ya kupokelewa yenye mhuri.

Mti_Mkavu:
Mleta mada, hizo laki nane za Mreno nitaanza na laki moja. Tuma namba.

Kibuyu_Kikavu:
Nilisema namba itawekwa. Haya, iweke, na mimi natoa elfu hamsini.