Naomba ushauri: bledi ya meno mangapi inafaa kukata plastiki na mbao za kompoziti?

FundiChipukizi:
Wakuu, habari za kazi. Ninatengeneza sakafu ya baraza kwa mbao za kompoziti, zile za unga wa mbao uliochanganywa na plastiki, na kuta zake nataka kuzifunika kwa shiti nyeupe za akriliki, ile plastiki ngumu, zenye unene wa milimita 10. Nikianza kukata shiti, bledi inapita vizuri kwa urefu wa kiganja tu, kisha ukingo unalainika, unga unakuwa nyuzi zinazoganda kwenye meno, na nyuma ya bledi mpasuko unajifunga tena kana kwamba sijakata kitu. Moshi wake unakaba koo. Mteja ananisukuma, na shiti zilizobaki haziruhusu kuharibu nyingine. Swali langu ni moja: nitafute bledi ya meno mangapi?

SeremalaMtulivu:
Ndugu, kabla ya kuhesabu meno, tazama yamenolewaje. Kwa plastiki ngumu tunatumia bledi ya kabaidi (meno yake ni magumu kuliko chuma cha kawaida) ambayo jino moja limekatwa kona zake mbili na linalofuata ni bapa: la kwanza linafungua njia katikati, la pili linasafisha pembeni, kwa hiyo ukingo haumeguki. Kwa bledi ya milimita 250, meno 60 hadi 80 yanafaa. Mbao za kompoziti ni habari nyingine, kwa kuwa ni nene na unga wake unahitaji nafasi ya kutoka. Huko meno yakizidi yanasugua badala ya kukata, na msuguano huo ndio unaoleta joto.

FundiFaiba:
Mimi nimekulia kwenye faibaglasi, na nawaambia vijana kuwa kioo kilichomo humla jino la chuma cha kawaida kabla hujamaliza shiti moja. Tulikuwa tunakata matangi bila barakoa, jioni mikono na shingo vinawasha hadi usingizi unakataa, na ukijikuna ndiyo unazidi kuzisukuma zile nyuzi za kioo ndani ya ngozi. Tumieni diski ya chembe za almasi isiyo na meno, na mvae barakoa. Vijana wa leo mnakimbilia kumaliza kazi, afya mnaikumbuka baadaye.

MamaKarakana:
Ahsante, kaka Faiba, ila mwenye uzi hajataja faibaglasi. FundiChipukizi, mwanangu, unakatia mashine gani? Niandikie kasi yake, kipenyo cha bledi na ukubwa wa tundu lake. Bila hayo, tutakuwa tunakubahatishia.

FundiChipukizi:
Mama, mashine ni ya umeme na ina nguvu ya kutosha. Bledi ni mpya, ya mbao, meno 24, milimita 180. Nadhani tatizo ni idadi ya meno.

MamaKarakana:
Nimeuliza mashine gani.

FundiChipukizi:
Ni grinda ya inchi 7. Imeandikwa mizunguko 8,500 kwa dakika, na bledi imeandikwa 7,000. Tundu la bledi ni milimita 25.4 na kitako cha grinda ni kama 22, kwa hiyo nilitafuta wosha nikaisugua kwa tupa hadi ikajaza lile pengo. Kinga niliitoa kwa sababu ilizuia bledi kuzama. Naomba tusilifanye hili kuwa jambo kubwa, kwani bledi imekaa katikati na haitetemeki, naishika grinda kwa mikono miwili, na mbao za kompoziti imezikata vizuri kabisa.

SeremalaMtulivu:
Ndugu yangu, izime. Bledi ya milimita 180 kwa mizunguko 8,500 ina ukingo unaokimbia takriban mita 80 kwa sekunde. Umevuka kasi iliyoandikwa, na jino likinasa, grinda inaruka kuelekea kwako huku hakuna kinga. Kuyeyuka kwa shiti kunatoka hapo hapo: kwa mwendo huo kila jino linang'oa kipande chembamba mno, na joto ambalo lingeondoka na vipande linabaki kwenye plastiki.

Mdadisi:
Samahanini, mimi naona hadithi hii imetungwa ili watu wabishane. Akriliki ikipata joto hutoa harufu tamu, kama ya matunda, wala haikabi koo. Isitoshe, huanza kulainika karibu nyuzi joto 105 za Selsiasi, na huyu anasema inaganda kwenye meno baada ya kiganja kimoja. Aliyeishika akriliki kwa mikono yake asingeandika hivyo.

FundiChipukizi:
Sijatunga chochote. Aliyeniuzia ndiye aliyeniambia ni akriliki, na shiti ninazo hapa mbele yangu.

MamaKarakana:
Mdadisi, hoja yako ya harufu ni ya kweli, lakini si lazima mtu awe mwongo, huenda shiti ndiyo siyo. Mwanangu, toka nje penye hewa. Shika waya wa shaba kwa koleo, uupashe motoni hadi mwali usiwe na rangi ya kijani, uuguse kwenye kipande cha shiti, kisha uurudishe motoni. Simama upande unakotoka upepo.

FundiChipukizi:
Mwali umekuwa kijani kibichi, na nimeurudia kwa kipande kingine ukawa vile vile.

MamaKarakana:
Basi ina klorini, na shiti ngumu nyeupe ya namna hiyo ni PVC. Hulainika karibu nyuzi joto 80, na ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ndiyo iliyokuwa inakukaba koo. Barakoa ya vumbi haizuii gesi hiyo. Azima msumeno wa meza wenye bledi ya aina aliyoieleza Seremala, sukuma shiti kwa mwendo mmoja bila kusitasita, na ukiona nyuzi badala ya vipande vidogo vikavu, simama.

Mdadisi:
Naondoa neno la kutunga. Ila aliyeuza aulizwe.

FundiChipukizi:
Nimewaelewa, na msumeno wa meza nitaazima. Je, bledi yangu ya meno 24 niitupe?

SeremalaMtulivu:
Usiitupe, inafaa kwa zile mbao za kompoziti. Ifunge kwenye msumeno wa mviringo wa mkono wa inchi 7, ambao kwa kawaida haufiki mizunguko 7,000, na kinga yake ibaki mahali pake. Tundu likizidi shafti, nunua pete iliyotengenezwa kwa ajili ya bledi. Wosha ile ya tupa usiirudishe.