Kisu cha kukunja cha kufungua kwa mkono mmoja: kina faida shambani au ni mbwembwe?

mzabibu_mpunguzi

Wakuu habari za jioni. Natafuta kisu cha kukunja cha kukaa mfukoni siku nzima kwa kazi za shamba la zabibu huku Mpunguzi: kukata kamba za kufungia matawi kwenye waya, kufungua mifuko ya mbolea, kukata mpira wa umwagiliaji wa matone wa milimita 16, na mara mojamoja kuvuna vichala. Madukani naona aina mbili. Kuna ile ya zamani, unaingiza ukucha kwenye mfereji wa bapa na kulivuta kwa mkono wa pili. Halafu kuna hii yenye kinundu au tundu kwenye bapa, unasukuma kwa dole gumba na kisu kimefunguka kwa mkono uleule ulioshika mpini. Hii ya pili bei yake imechangamka na wauzaji wanaisifia sana. Huo mkono mmoja una faida ya kweli, au ni kwa ajili ya kuchezea tu, tak-tak? Bajeti haizidi elfu hamsini. Na vumbi la Dodoma mnalijua wenyewe.

Kinoo_na_Msasa

Mkuu, jiulize kwanza: kisu kinapohitajika, mkono wa pili unakuwa wapi? Wakati wa kufunga mizabibu, mkono wa kushoto umeshikilia tawi usawa wa waya. Ukiliachia linaruka, na likiwa limekomaa linaweza kuvunjika kwenye kifundo. Hapo mkono mmoja una maana. Vivyo hivyo mtu akiwa juu ya ngazi, au mbuzi amenasa mguu kwenye kamba na mmoja wenu lazima amdhibiti. Mfuko wa mbolea uliosimama chini hauna haraka hiyo, fungua hata kwa kisu cha ukucha.

Sasa aina za kufungulia, maana hazilingani.

Kinundu cha gumba ni kijipini kilichokazwa ubavuni mwa bapa. Ni rahisi kutengeneza, ndiyo maana kimejaa kwenye visu vya bei ya chini. Ubaya wake: kinakaa karibu na kisigino cha bapa (sehemu inayopakana na mpini), kwa hiyo unapovuta kamba kuelekea mpini inakwama hapo, na unaponoa kinoo kinakigonga kabla hakijamaliza makali yote. Vya skrubu hulegea na kupotea.

Tundu ni shimo tu kwenye bapa, hakuna cha kulegea. Spyderco ya Colorado, Marekani, ilitoa kisu cha namna hiyo mwaka 1981, kikiwa na klipu ya kuning'iniza mfukoni, na mtindo ukaenea. Kwa mtu mwenye glavu au vidole vyenye utomvu, tundu linashikika vizuri kuliko kinundu. Kinachohitajika ni bapa pana kidogo, kwa hiyo kisu kinatuna mfukoni.

Kipembe cha mgongoni ni kijino cha bapa kinachochomoza mgongoni mwa mpini kisu kikiwa kimefungwa; unakibonyeza kwa kidole cha shahada, bapa linaruka. Kisu kikiwa wazi kile kipembe kinageuka kizuizi cha kidole kisiteleze kwenda kwenye makali. Hiyo ni faida halisi wakati mikono ina maji ya zabibu.

Zile zenye springi ya kusukuma bapa ziache. Springi ni waya mwembamba, ukikatika kisu kinabaki legelege, na ukikigusa vibaya mfukoni kinaweza kujifungua.

Ila wanunuzi wengi wanaangalia kufungua tu, wakati hatari kubwa iko kwenye kufunga. Loki iliyozoeleka kwenye visu hivi ni ya kibati: kipande cha chuma ndani ya mpini kinachoruka na kusimama nyuma ya bapa. Ili ufunge, unakisukuma pembeni kwa gumba, na gumba lako liko palepale bapa linapopita. Kwa hiyo sukuma kibati, shusha bapa theluthi moja tu kwa kidole cha shahada au kwa paja, ondoa gumba, ndipo umalizie. Anayejaribu kufunga kwa mpigo mmoja kwa mbwembwe ndiye anayekatika.

fundi_changombe

Napingana na mkuu hapo juu, si kwa maelezo bali kwa ushauri. Kwa elfu hamsini unachomlipia mtengenezaji ni mambo mengi: loki, skrubu, klipu, vibati viwili, kinundu, na chuma cha bapa. Pesa ileile ikigawanywa hivyo, kinachopunjwa ni chuma. Bapa linaandikwa "stainless" basi, bila namba yoyote. Limeng'aa kama sahani ya harusi, lakini ukikata kamba ya katani kumi na tano makali yamelala.

Kisu rahisi cha mikono miwili chenye sehemu nne au tano kinakupa chuma bora kwa bei hiyohiyo. Mfano ni Opinel ya Ufaransa: bapa, mpini wa mti, pini moja na pete. Namba 8 ina bapa la sentimita 8.5. Pete ya kufungia bapa iliongezwa mwaka 1955, unaizungusha kwa vidole na kisu hakijikunji. Ukisahau kuizungusha hakuna loki kabisa, hilo lazima liwe mazoea. Na mpini wa mti ukilowa unavimba, bapa linakaza hadi ukucha unauma. Dawa yake ni kugonga kitako cha mpini juu ya meza ili bapa litokeze kidogo, halafu ulivute. Kwa Dodoma kero hiyo ni ya miezi ya mvua tu.

Jeshi la Uswisi lilianza kugawa kisu cha kukunja mwaka 1891, na hadi toleo la 2008 ndipo askari wakapewa chenye tundu la gumba. Zaidi ya miaka 100 walitumia ukucha.

Halafu zabibu hazivunwi kwa kisu, ndugu yangu. Kikonyo cha kichala kata kwa mkasi mdogo. Kisu kinavuta kikonyo kabla hakijakikata, punje za juu zinapasuka, na maji yake yanaita nyigu na ukungu kwenye kreti nzima.

Kinoo_na_Msasa

Kuhusu mkasi nakubali asilimia mia. Kuhusu Uswisi, umejipiga bao mwenyewe: wangekuwa wameridhika na ukucha wasingebadilisha.

Chuma cha bei ya kati si kibaya hivyo. Tafuta kilichopigwa chapa 8Cr13MoV, 440C au D2. Hiyo 8Cr ina kaboni karibu asilimia 0.8 na kromu karibu 13: inanoleka haraka, inashika makali kiasi, haipati kutu kirahisi. D2 inakaa na makali muda mrefu zaidi, lakini kromu yake ni karibu 12 na sehemu kubwa imefungwa na kaboni, kwa hiyo ukiiacha na maji ya zabibu usiku kucha asubuhi utakuta madoa. Isiyo na chapa yoyote ndiyo ya kuogopa, hapo fundi yuko sahihi.

Nzuguni_Ufundi

Mnabishana kuhusu gumba na hamjagusa vumbi, wakati mwezi wa nane hadi wa kumi ndilo linaloua visu vya kukunja huku.

Kabla ya kulipa, fungua na funga taratibu na usikilize kiungo cha bapa. Visu vinavyoteleza kama siagi dukani mara nyingi vina beringi za vijigololi. Vijigololi hivyo vikikutana na vumbi laini la Mpunguzi vinasaga, bapa linakwamakwama, na ukiendelea kulazimisha vinachimba mfereji kwenye vibati. Chagua chenye washa za shaba, yaani vipete vyembamba vinavyokaa kati ya bapa na mpini kwenye kiungo. Kinafunguka kizito kidogo, lakini vumbi likiingia washa inalivumilia, na kusafisha ni dakika chache. Washa za nailoni nazo zinafaa, ila ukizikaza sana zinapondeka na bapa linaanza kuyumba.

Kwa mashamba ya zabibu kuna la ziada. Ile salfa ya unga mnayopulizia ubwiri unga (ule ukungu mweupe wa mizabibu) inaingia mfukoni na kwenye kisu. Salfa na shaba hazipatani, washa zinakuwa nyeusi. Si mwisho wa dunia, lakini siku ya kupulizia acha kisu nyumbani au kioshe jioni hiyohiyo.

Kuosha: maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani, fungua na funga mara ishirini ndani ya maji. Sukari ya zabibu inayeyuka kwa maji, haiyeyuki kwa oili, kwa hiyo anayemimina oili juu ya utomvu anatengeneza lami. Suuza, kung'uta, anika wazi juani nusu saa. Halafu tone moja la oili ya cherehani kila upande wa kiungo, chezesha, futa yote inayotoka nje. Tone moja. Oili ya gari ni nzito, inakamata vumbi. Na usioshe kwa dizeli kisu utakachokatia embe mchana.

Bapa likiyumba kushoto na kulia, kaza skrubu ya kiungo hadi liache kuyumba, kisha rudisha kidogo sana, kama sehemu ya nane ya mzunguko. Nyingi ni za nyota (Torx), saizi T8 kwenye kiungo na T6 kwenye klipu. Ukitumia bisibisi bapa unakula meno ya skrubu na hapo kisu kimekwisha. Ikilegea kila wiki, weka tone la gundi ya skrubu ya bluu. Nyekundu usiweke, hiyo haifunguki bila moto.

Msalato_Mifugo

Mimi naongeza dogo: kama kuna siku utachinjia, cha kukunja chochote kisiingie. Damu na mafuta vinakwenda ndani ya kiungo na kwenye mfereji wa mpini, ambako mswaki haufiki vizuri, na kesho yake kinanuka. Kisu cha ala, mpini uliofungwa, bapa moja. Tena kisu cha ala kinachomolewa kwa mkono mmoja tangu enzi za mababu, bila tundu wala springi. Sijui kwa nini hakuna aliyelitaja.

fundi_changombe

Hoja nzito hiyo. Ubaya wa ala ni kuinama na kupanda bodaboda, na mjini unatazamwa vibaya. Shambani tu, ala inashinda.

mzabibu_mpunguzi

Nashukuru sana wakuu. Nimeelewa: mkasi kwa vichala, washa za shaba, na chapa ya chuma. Maswali mawili. Dukani napimaje loki bila kukatika? Na kijana anayenisaidia anatumia mkono wa kushoto, kisu kilekile kitamfaa?

Kinoo_na_Msasa

Kupima loki ya kibati: fungua kisu, angalia kwa ndani kibati kimesimama wapi nyuma ya kisigino cha bapa. Kinatakiwa kifunike robo hadi nusu ya unene wa kisigino hicho. Kikigusa ukingoni tu, kitateleza. Kikiwa kimevuka hadi kugusa kibati cha upande wa pili wakati kisu ni kipya, kimechongwa vibaya na hakina pa kusogea kikianza kulika. Kisha shika mpini kwa ubavu, vidole vyote vikiwa nje ya njia ya bapa, na ukandamize mgongo wa bapa kwenye ukingo wa kaunta kwa nguvu ya mkono. Usigonge, kandamiza. Likijikunja, rudisha.

Bado kipimo kimoja: kisu kikiwa kimefungwa, elekeza chini upande bapa linakofungukia na ukitikise. Bapa lisitokeze. Likitokeza, litafunguka mfukoni na utalikuta unapoingiza mkono kutafuta simu.

Kijana wa mkono wa kushoto: loki ya kibati imetengenezwa kwa gumba la kulia, yeye atalazimika kuisukuma kwa kidole cha shahada. Mnunulie yenye loki ya mgongo, ile unayobonyeza juu ya mpini, au yenye pini inayokatiza mpini pande zote mbili na kuvutwa nyuma. Hizo hazibagui mkono, na ya pini ina uzuri mwingine: vidole havipiti kwenye njia ya bapa wakati wa kufunga. Kwenye loki ya mgongo chunguza kila mara kale kanafasi ambako jino linaingia. Pamba za mfukoni zikijaa humo, loki inaonekana imeshika kumbe haijashika.

Mkisafiri kwa ndege, kiwekeni kwenye begi la kupakia chini, si la mkononi. Na kama kuna ndugu Ulaya anakuagiza umpelekee, muulize kwanza: Ujerumani tangu 2008 hairuhusu kutembea hadharani na kisu chenye loki kinachofunguka kwa mkono mmoja bila sababu ya msingi, na Uingereza cha kubeba bila maelezo ni kisichokuwa na loki, makali yasiyozidi inchi 3. Ndiyo maana baadhi ya visu vya huko vina toleo la mkono mmoja na toleo la mikono miwili.

Nzuguni_Ufundi

Mpira wa matone usiukandamize kwa kisu, unabonyea na kukatika mshazari, kisha kiungio kinavuja. Zungusha kisu kuuzunguka mpira huku ukikata kidogokidogo, ukae wima.

Na kunoa: usimpe mtu wa grainda. Bapa likigeuka rangi ya bluu kwenye ncha, limeungua na ugumu wa pale umepungua, halishiki makali tena mpaka ukate hiyo sehemu. Kinoo cha pande mbili kinatosha. Bapa la upana wa sentimita 2.5, inua mgongo milimita 8.5 juu ya kinoo, hiyo ni digrii 20 kila upande, inafaa kwa kamba na viroba. Noa upande mmoja hadi uhisi kwa kidole kijiukingo kimejikunja upande wa pili, kwa urefu wote kuanzia kisigino hadi ncha, ndipo ugeuze. Malizia kwa msasa wa maji namba 1000 juu ya kioo, ukivuta mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Kinundu kikigonga kinoo, noa hapo kwenye kona ya kinoo badala ya katikati.