Mama moyo unaenda mbio, kipimo cha umeme wa moyo (ECG) kimetoka safi, sasa anaambiwa akavae mashine. Naombeni ushauri

Binti_Makorora: Shikamooni wakubwa. Mama yangu ana miaka 61, tuko hapa Tanga mjini. Tangu mfungo uishe moyo unamshtukia: yuko zake anakuna nazi, ghafla unadunda mpaka kanga ya kifuani inatikisika, na kizunguzungu juu. Dakika chache tu unatulia, anaendelea na mbuzi yake kama si yeye. Kapimwa ECG, karatasi safi. Daktari anataka aende Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, akavae Holter, kimashine cha kuandika mapigo ya moyo, usiku na mchana. Mama anauliza: kama karatasi ni safi, nauli ya nini? Na ataswali vipi na minyaya kifuani?

Mzee_wa_Baraza: Marahaba binti. Mpeni kitunguu saumu, apunguze na kahawa. Hayo ya Dar baadaye.

Nesi_Zamu: Mzee wangu, kahawa sikatai, lakini kitunguu saumu hakitamwambia daktari moyo unafanya nini. Dada, ECG ya kawaida inaandika sekunde chache tu. Ni sawa na kuchungulia barabara mara moja ukasema hapapiti pikipiki. Kama wakati ule moyo ulikuwa umetulia, karatasi itakuwa safi. Holter inaandika saa 24, wengine 48, mapigo kama laki moja kwa siku.

Binti_Makorora: Aa, hapo nimekuelewa. Na swala?

Nesi_Zamu: Udhu anatia bila shida, kifua hakimo. Kuoga mwili mzima ndiko asubiri mpaka wamvue. Siku ya kwenda aoge vizuri, asijipake mafuta wala poda kifuani, maana vibandiko vya nyaya vitabanduka, na joto letu hili la pwani ndilo kabisa. Avae gauni la vifungo mbele. Dawa za presha aendelee nazo kama hakuambiwa aache.

Kijana_Chumbageni: Baba yangu alivaa, akalala kitandani siku nzima kwa kuogopa kuharibu mashine. Majibu: hakuna kitu! Mwambie mama apike, afue kidogo, apande ngazi.

Nesi_Zamu: Umesema kweli. Na kile kidaftari cha kuandika dalili akiwa na mashine msikidharau. Kila moyo ukishtuka aandike saa na alichokuwa akifanya. Asiishie "saa 3", aandike "saa 3 usiku", kwa sababu kwenye mashine hiyo ni 21:00, na msomaji atalinganisha hapo hapo. Kama hajui kuandika, mjukuu amwandikie.

Kijana_Chumbageni: Na isiponasa?

Nesi_Zamu: Zipo za kuvaa siku nyingi zaidi. Kwa wengine wanapitisha waya laini kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni, kutafuta njia ya umeme yenye hitilafu. Hayo daktari ataamua. Muulizeni pia kama damu na tezi la shingo vimepimwa, maana damu ikipungua au tezi likizidisha kazi, moyo hukimbia. Ila akizimia, au kifua kikimbana, msingoje siku ya Dar, mkimbizeni hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo.

Mzee_wa_Baraza: Haya nesi, nimenyamaza. Binti, pigeni simu kwanza muulize bima na siku ya mashine, msije mkalala Dar bure.

Binti_Makorora: Ahsanteni sana. Mama kasikia habari ya udhu, sasa anauliza basi la asubuhi linaondoka saa ngapi.