Kusafisha simtanki Arusha: kampuni ya kipeperushi, fundi wa mtaa au tufanye wenyewe?

MamaWawili_Njiro
Wakuu habari za jioni. Nina simtanki la lita 2,000 nyuma ya nyumba, halijafunguliwa tangu tuhamie. Wiki iliyopita nikakuta kipeperushi getini: kusafisha tangi shilingi 15,000 tu. Nikapiga.

Wakaja vijana wawili na fulana zao za sare. Mmoja akapanda, akashuka na picha kwenye simu: tope limeganda, ukutani kijani tupu. Mwenzake akakinga glasi ya maji jikoni, akatumbukiza kifaa chenye vyuma viwili, akachomeka kwenye umeme. Dakika haijaisha maji yamekuwa kahawia na povu juu. "Mama, hii ndiyo floraidi mnayokunywa, madini yanayoharibu meno." Hapo bei ikaanza kupanda ngazi: kusugua 60,000, dawa ya ukungu 80,000, unga wa kuondoa floraidi 120,000.

Nikatoa ile 60,000, wakasugua, mengine nikasema mpaka baba watoto arudi. Usiku ndiyo naitazama vizuri ile picha aliyonirushia. Tangi la zege! Langu ni la plastiki, jeusi.

Sasa nimalizie na hawa, nimwite fundi bomba wa hapa mtaani anayetaka 30,000, au tupande wenyewe?

Chalii_Kijenge
Dada umepigwa mchana kweupe. Pole.

Mwalimu_Moshi
Kile kifaa nakifahamu, darasani nakitumia. Chuma kimoja ni cha kawaida kabisa. Umeme ukipita kwenye maji kinamong'onyoka, na unachokiona ni kutu yake. Rangi imetoka kwenye kifaa. Maji yasiyo na madini mengi hayapitishi umeme vizuri, yanabaki meupe. Tia chumvi kijiko kimoja uone yanavyogeuka chai. Ndiyo maana wanapenda sana kufanyia Arusha, maji yenu yana madini. Floraidi yenyewe haina rangi wala harufu. Huwezi kuiona kwenye glasi.

Fundi_Sakina
Mimi ni fundi, mtasema navutia kwangu, lakini na sisi wa mtaani tuna wetu. Kuna mteja alinisimulia kijana alivyomwaga maji nusu, akakoroga na fimbo ya mopu, akafunga, akachukua hela yake. Kwa hiyo uwe hapohapo. Tangi limwagwe lote, wewe au mtu wako apande aone sakafu ikiwa wazi kabla maji hayajafunguliwa. Picha ipigwe kwa simu yako, kabla na baada. Hela baadaye, na kila kitu kitajwe kabla mtu hajakanyaga ngazi.

Dawa ni Jiki ya asilimia 3.5 isiyo na manukato. Tangi lako likijaa, karibu lita 3. Acha saa 24, mwaga, suuza, jaza upya. Usichanganye na dawa ya choo yenye asidi, mvuke wake unaua.

Chalii_Kijenge
Lita 2,000 za kumwaga na mgao huu??

Fundi_Sakina
Chalii yangu, ungoje wiki tangi liko karibu kuisha. Maji ya Jiki deki nayo na uoshee choo, bustani usiimwagilie.

Dada_Minnesota
Nimecheka kwa uchungu. Huku Marekani mchezo huohuo uko kwenye mabomba ya hewa ya nyumba, yale yanayosambaza joto vyumbani. Tangazo linasema dola 99 nyumba nzima, wakifika wamekuta ukungu na bei inakuwa mamia. Wakala wa mazingira wa serikali, EPA, wanasema wazi kwamba usafishaji huo haujawahi kuthibitishwa kuzuia magonjwa, na kazi ya kweli kwa mfumo mmoja ni dola 450 hadi 1,000. Nilipomwambia fundi anionyeshe huo ukungu kwangu, siyo kwenye simu, akakumbuka ana mteja mwingine.

Baba_UsaRiver
Hapo kwenye unga wa 120,000 nami niseme. Floraidi yetu inatoka kwenye miamba ya volkano ya Meru, imeyeyuka ndani ya maji. Hata ukisugua tangi mpaka ling'ae, bomba likifunguliwa imerudi. Unga unautia leo, kesho maji mapya yameingia, sasa umenunua nini? Kuchemsha nako hakusaidii. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki palepale. WHO wanataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huwezi kujua bila maabara. Mimi nimekulia huku, meno yangu ni ushahidi.

Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa, ule uliofanyiwa utafiti pale kituo cha Ngurdoto, na mkaa wenyewe unachoka, lazima ubadilishwe. Weka kwa maji ya kunywa na kupikia tu. Ya kufulia yaache.

MamaWawili_Njiro
Asanteni, Mwalimu na Baba hasa. Jana tumepanda wenyewe, mume wangu kashika ngazi, mimi na tochi. Chini kulikuwa na tope la unene wa kidole, mjusi mmoja mkavu, na brashi mpya ya bluu ambayo sikumbuki kuinunua. Kumbe walisugua kwa dakika ngapi hata brashi ikawaponyoka?

Fundi wa 30,000 anakuja Jumamosi. Hao wengine wamepiga simu mara mbili kuulizia unga. Nimewaambia waje, brashi yao ipo.