Hizi test za kuchagua A B C D zinawamaliza watoto wetu, inatosha sasa!

Wakuu habari zenu, nimejizuia sana ila leo acha niseme.

Binti yangu yuko darasa la sita shule moja huku Nyakato, Mwanza, kila wiki test na zote za kuchagua, hisabati kuchagua, sayansi kuchagua, mpaka Kiswahili ambacho mtoto anatakiwa atunge sentensi yake mwenyewe nacho anazungushia herufi. Na hela ya kuprint tunatoa wazazi!

Juzi kaja na 16 kwenye 20 ya hesabu nikafurahi kweli. Swali moja lilikuwa 3/4 + 1/6, kazungushia 11/12, sahihi kabisa. Nikamwambia hebu nifanyie hilo hilo kwenye daftari nione. Kaandika 4/10. Kajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini! Namuuliza sasa 11/12 uliipataje, ananijibu "baba, 4/10 haikuwepo kwenye majibu ndo nikapiga ana ana ana do."

Mnaona lakini? Swali la kuchagua likitungwa na mtu anayejua kazi, majibu ya uongo yanatoka kwenye makosa ambayo watoto wanayafanya kweli, hiyo 4/10 ndo ilitakiwa iwepo ili mwalimu ajue nani hajaelewa KDS (kigawe kidogo cha shirika, ile namba moja ya chini ya sehemu zote mbili). Hizi za kununua steshenari wanajaza namba tu, mtoto anapewa vema kwa kitu asichokijua na mzazi unalala ukijua mambo safi. Piga hesabu, maswali 40 yenye A mpaka E, asiyejua kusoma kabisa akibahatisha anapata kama 8 kwa wastani.

Na si tulishayaona haya, 2012 NECTA (Baraza la Mitihani) walipoleta fomu za OMR, zile zinazosahihishwa na mashine, kwenye mtihani wa darasa la saba hata hisabati ikawa ya kushade, watu wakapiga kelele, baadaye ndo yakarudi maswali machache ya kuandika. Sasa shule inashindwaje?

Najua mtasema walimu wamezidiwa, darasa moja watoto zaidi ya mia. Kweli, na nawaonea huruma, ila sijasema wafute yote, weka hata matano ya kuonesha njia, si kila wiki basi hata mara moja kwa mwezi, wazazi wenye nafasi tupo tutasaidia hata kuhesabu maksi.

Kikao cha wazazi kinakuja na hiyo karatasi nitaibeba pamoja na daftari. Wazazi wa Ilemela na Nyamagana, shule zenu zikoje? Kuna walioongea na mwalimu mkuu wakasikilizwa?